Taa za Xenoni: Mwongozo Kamili wa Kupima, Kubadilisha na Kulenga, Kutoka Gereji ya Moshi

Jumamosi iliyopita jioni kijana mmoja aliingia gereji kwetu Majengo na Mark X. Taa ya kushoto nyeupe safi, ya kulia imepauka kama juisi ya rozela iliyozidishiwa maji.

"Fundi, jana natoka Arusha, kufika Boma Ng'ombe hii ikazimika. Nikazima swichi, nikawasha, ikarudi. Leo imekuwa ya pinki. Jamaa kaniambia balasti imekufa, ninunue nyingine."

"Karibu, mangi. Zima gari kwanza. Balasti tutanunua ikithibitika imekufa."

Balasti, yaani kifaa kinachoigeuzia globu umeme wa betri, haikuwa imekufa. Globu ndiyo iliyochoka, na kulijua hilo hakukuhitaji kununua hata skrubu. Nimeandika mwongozo huu kwa sababu barabara ya Moshi kwenda Arusha usiku imejaa Mark X, Crown, Harrier na Subaru zilizotoka Japani na taa za xenoni tangu kiwandani, na wenye magari hayo wanaliwa pesa kila siku kwa kununua kwanza na kupima baadaye. Kosa hilo nimelifanya na mimi. Mwaka wangu wa pili kazini nilimnunulisha mzee mmoja wa Kibosho balasti nzima kwa ajili ya Subaru yake, nikaifunga, taa ikakataa vilevile. Kumbe waya wa ethi nyuma ya taa ulikuwa umeota kutu. Mzee hakunifokea. Alinitazama tu, akauliza, "Sasa hii mpya tunaifanyaje, mwanangu?" Swali lile bado linanisumbua.

Ujue kwanza unachoshika

Mafundi wengi tunatamka "zenoni", wengine taa hizi wanaziita HID basi. Xenoni ni elementi namba 54, ipo safu ya mwisho ya jedwali pamoja na heli, neoni, agoni, kriptoni na radoni, zile zinazoitwa gesi adimu. Haina rangi wala harufu. William Ramsay na Morris Travers waliigundua London mwaka 1898, wakiwa wanavukiza hewa iliyopozwa mpaka ikawa kimiminika na kuchunguza kilichobaki mwishoni. Jina walilitoa kwenye Kigiriki, maana yake mgeni. Ni mgeni kweli: ili upate lita moja ya xenoni unahitaji hewa kama lita milioni 11.5. Chumba cha mita 3 kwa 4 chenye dari ya mita 2.8 kina xenoni inayozidi kidogo tu nusu kijiko cha chai. Viwandani inapatikana pale hewa inapopozwa na kutenganishwa ili kupata oksijeni na naitrojeni. Xenoni hukusanywa pembeni, kidogo kidogo, na ndiyo maana bei yake iko juu.

Wanafunzi wa Moshi wasikose hii. Kwenye nyuzi sifuri na mgandamizo wa kawaida wa hewa, lita moja ya xenoni ina takriban gramu 5.89. Kilimanjaro una mita 5,895. Kumbuka mlima, utakumbuka na gesi. Hewa ya kawaida ina gramu 1.29 kwa lita, kwa hiyo xenoni ni nzito mara nne na nusu, na puto ukilijaza xenoni linadondoka sakafuni. Inachemka kwenye nyuzi 108 chini ya sifuri.

Kwa miaka zaidi ya sitini iliaminika gesi hizi haziungani na kitu chochote. Mwaka 1962 Neil Bartlett, akiwa Kanada, akaiunganisha xenoni na platini na florini, na vitabu vya kemia vikabidi viandikwe upya. Lakini ndani ya globu ya gari hakuna vurugu hiyo. Xenoni haili elektrodi, haili kioo, haiungui. Kazi yake pale ni moja, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea: mwanga mwingi unaouona barabarani hautoki kwenye xenoni.

Ndani ya ile globu kuna kichungu cha kioo kikubwa kama punje ya kunde. Humo kuna xenoni iliyoshindiliwa kwa presha, chumvi za metali, na kwenye aina za zamani zebaki kidogo. Elektrodi mbili zinatazamana kwa nafasi ya milimita nne hivi. Ukiwasha, balasti inarusha umeme wa zaidi ya volti 20,000 ili cheche iruke pale katikati. Xenoni inawaka papo hapo, ikiwa na rangi ya kibuluu. Joto lake linayeyusha zile chumvi na kuzigeuza mvuke, na baada ya sekunde chache chumvi ndizo zinazotoa mwanga ule mweupe. Kesho ukiwasha gari ukutani, tazama: mwanzo bluu, kisha unatulia. Xenoni ni kama kuni kavu za kukokea moto. Bila hiyo ungekaa gizani unasubiri chumvi zipate joto. BMW ndiyo iliyoanza kuuza gari lenye taa hizi mwaka 1991.

Faida yake ni hii: globu ya wati 35 inatoa lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) kama 3,200, wakati haloji ya H7 ya wati 55 inatoa kama 1,500. Mwanga zaidi ya mara mbili, umeme pungufu.

Hatua ya kwanza: usalama kabla ya bisibisi

Sitazunguka. Volti 20,000 zinarusha mtu. Kabla hujagusa chochote nyuma ya taa, zima swichi ya taa, toa ufunguo, fungua kichwa cha hasi cha betri, kisha subiri dakika kumi. Zile dakika ni za balasti kupoteza chaji na globu kupoa, maana globu ikitoka kuwaka ina joto la kuunguza na presha kubwa kuliko ikiwa baridi. Vaa miwani ya kazi na glovu safi.

Usijaribishe globu ikiwa nje ya taa, umeishika mkononi au umeiegemeza kwenye boneti. Nimeona vijana wanafanya hivyo ili "kuona kama inawaka". Mbali ya shoti, ule mwanga una miale ya urujuanimno, na kioo cha nje cha globu ndicho kinachoizuia. Globu yenye kioo cha nje kilichopasuka, hata kama bado inawaka, itoe.

Gesi yenyewe haina sumu. Globu ikipasuka, xenoni iliyomo haiwezi kukufanya chochote, inapotelea hewani ilikotoka. Cha kuogopa ni vipande vya kioo, na kwenye globu za D1 na D2 ile zebaki. Ikipasukia gereji, fungua milango yote, watu watoke nje dakika kumi hadi robo saa, kisha okota vipande kwa karatasi ngumu na utepe wa gundi, tia kwenye chupa yenye kifuniko. Usitumie ufagio wala mashine ya kunyonya vumbi, utaisambaza zebaki.

Hatua ya pili: soma kitako cha globu

Hapa ndipo fedha zinapookolewa. Kwenye kitako cha kila globu ya kiwandani kuna herufi D, namba, na herufi nyingine. Mteja akisema "nataka xenoni ya Harrier", muuza spea atakupa anachotaka yeye. Ukimwambia "D4S" mazungumzo yanakuwa mengine.

Namba 1 na 2 ni globu zenye zebaki, zinafanya kazi kwa volti 85 zikishawaka. Namba 3 na 4 hazina zebaki, nazo ni za volti 42. Namba 1 na 3 zina kile kiboksi cha kurushia cheche kimeungana na globu yenyewe, na 2 na 4 hazina, kiboksi kiko pembeni au ndani ya balasti. Zote hizo ni wati 35. Herufi ya mwisho inahusu taa: S ni ya taa yenye jicho, yaani ile yenye lenzi ya duara ndani, na R ni ya taa yenye kioo cha kuakisi tu. Ukiangalia R kwa makini utaona kioo chake kimepakwa rangi nyeusi sehemu fulani. Ile rangi haijachafuka, usiikwangue. Inazuia mwanga usiende mahali pa kumpofusha dereva anayekuja.

D2S haiingii mahali pa D4S, na S haiingii mahali pa R, kwa sababu vijino vya kitako vimekatwa tofauti. Nimeletewa gari ambalo fundi alichukua tupa, akasaga vijino mpaka globu ikakubali kuingia. Iliwaka, ndiyo, lakini kwa volti isiyo yake, na ikimulika juu ya miti. Kijino kikikataa, globu si yenyewe.

Hatua ya tatu: sikiliza dalili

Rangi ya pinki au zambarau ni dalili ya uzee. Kadiri globu inavyotumika, chumvi za metali zinapungua na mchanganyiko unabadilika, rangi inahama, na globu inadai volti kubwa zaidi ili iendelee kuwaka. Ikifika mahali balasti haiwezi kuipa globu inachodai, balasti inakata. Ndiyo maana ile Mark X ilizimika Boma Ng'ombe halafu ikarudi baada ya kuzimwa na kuwashwa: balasti ilikata, ikaanza upya, globu ikakubali kwa muda. Pinki ikifuatana na kuzimika njiani, mara nyingi sana globu imefika mwisho.

Taa ikiwa kimya kabisa, bila hata mweko wa kibuluu, fikiria fyuzi, waya, au balasti. Ikiweka mweko mara moja na kufa, mara moja na kufa, inaweza kuwa yoyote kati ya globu na balasti. Taa mbili zikikataa kwa pamoja, usianze na globu. Ni nadra globu mbili kufa dakika moja. Anza na fyuzi, rilei na betri.

Globu ya kiwandani inakaa saa 2,000 hadi 3,000. Ukiwasha saa mbili kila usiku, saa 2,000 ni usiku elfu moja, yaani karibu miaka mitatu. Gari lililotumika Japani miaka kumi, likashushwa hapa na globu zake za mwanzo, halina haki ya kulalamika.

Hatua ya nne: hamisha, usinunue

Hii ndiyo hatua kuu ya mwongozo mzima. Kama hukusoma kingine, soma hapa.

Gari lina taa mbili zinazofanana. Toa globu mbovu upande wa kulia, toa nzima upande wa kushoto, zibadilishane. Rudisha betri, washa. Ubovu ukihamia kushoto pamoja na globu, globu ndiyo mbovu. Ubovu ukibaki kulia ukiwa na globu nzima, globu haina kosa, endelea kutafuta nyuma yake.

Kwa Mark X ile ilikuwa hivi. Nilifungua kifuniko cha mpira nyuma ya taa ya kulia, nikazungusha kichwa cha waya kinyume na saa mpaka kikaachia, nikabana kisprigi kidogo cha chuma kwa vidole viwili na kukisogeza pembeni. Globu ikatoka moja kwa moja, bila kuyumbisha. Kichungu cha ndani kilikuwa kimeweka wingu la kijivu, kama glasi ya taa ya chemli isiyofutwa. Cha kushoto bado kilikuwa angavu. Nikavibadilisha, nikawasha. Kulia: bluu, kisha nyeupe, kimya. Kushoto: pinki. Kijana akacheka mwenyewe. "Kwa hiyo balasti haina kosa?"

"Haina. Ingekuwa na kosa, pinki isingehama."

Globu ikishaondolewa mashakani, fanya hivyohivyo na balasti. Kwenye magari mengi ya Kijapani imefungwa chini ya taa kwa skrubu tatu au nne, na mara nyingine bampa lazima lishuke, kwa hiyo jipange. Ukiitoa, itikise kidogo na uitazame kwenye mshono. Maji ndiyo adui yake. Balasti nyingi nilizokuta zimekufa zilikuwa na ukungu mweupe wa kutu ndani ya kichwa cha waya, na wenye magari wengi walikuwa wameosha injini kwa mashine ya presha siku chache kabla. Tafadhali, injini ioshwe kwa kitambaa na brashi, kelele za presha ziachiwe chasisi.

Hatua ya tano: pima umeme unaofika

Balasti inapoanzisha cheche inavuta umeme mwingi kwa sekunde chache kuliko inavyovuta baadaye. Betri dhaifu au ethi yenye kutu inaonekana nzuri gari likiwa limetulia, kisha inaanguka pale pale unapowasha taa. Kwa hiyo usipime kichwa cha waya kikiwa hakina mzigo ukaridhika.

Betri iliyojaa na kupumzika isome volti 12.6 hivi. Injini ikiwa inanguruma, 13.8 mpaka 14.5. Weka ncha za mita kwenye waya unaoingia balasti, upande wa volti 12 tu, kamwe usiguse waya unaotoka kwenda globu. Mwambie mwenzako awashe taa. Volti ikiporomoka sana ukilinganisha na pale betri, tatizo liko njiani. Fuata waya wa ethi mpaka unapokutana na bodi, fungua bolti, kwangua mpaka chuma king'ae, paka grisi, kaza. Subaru ya yule mzee wa Kibosho iliponea hapo, nikiwa tayari nimeshamtoboa mfuko.

Hatua ya sita: kufunga globu mpya

Nunua mbili. Ukifunga moja mpya na moja ya zamani, zitawaka rangi mbili tofauti, na ile ya zamani itakufuata gereji muda si mrefu. Kuhusu rangi, globu za kiwandani ni kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 4,300 hivi, nyeupe yenye unjano kidogo. Dukani utaonyeshwa 6,000, 8,000 na zaidi, za bluu. Vijana wanazipenda, mimi siwalaumu, zinapendeza mbele ya Mnara wa Saa. Ila kadiri rangi inavyokwenda bluu, mwanga wa kukusaidia kuona unapungua, na ukipanda Machame alfajiri ukungu umeshuka na lami imelowa, ile bluu inakurudia machoni. Chukua 4,300, isizidi 5,000.

Usishike kioo cha globu kwa vidole. Mafuta ya ngozi yanaungua pale na kuacha doa linalopasha kioo moto visivyo sawa. Ukigusa kwa bahati mbaya, futa kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, iache ikauke. Ingiza globu ikiwa imenyooka, tafuta vijino vikae kwenye nafasi zake, rudisha kisprigi, zungusha kichwa cha waya kwa saa mpaka kisikike kikikamata. Kifuniko cha mpira kikae sawasawa kote. Kikibaki wazi upande mmoja, vumbi la Pasua na mvua ya masika vitaingia, na utaona matone ndani ya taa.

Kama lenzi ya nje imekuwa ya njano, globu mpya haitasaidia sana. Zile lenzi ni plastiki, jua linazichoma. Piga msasa wa maji namba 800, kisha 1,500, kisha 2,000, maji yakimwagika muda wote, malizia kwa dawa ya kung'arishia, halafu paka rangi angavu ya kuzuia jua. Ukiacha bila hiyo rangi, baada ya miezi michache njano inarudi.

Hatua ya saba: kulenga ukutani

Hapa mafundi wengi wanaruka, na ndiyo sababu tunapofushana. Xenoni iliyolengwa vibaya ni mbaya kuliko haloji iliyolengwa vibaya, kwa sababu mwanga ni mara mbili.

Tafuta ukuta na ardhi iliyolala sawa. Gereji kwetu tuna ukuta wa nyuma, nimepiga mstari wa chaki ambao mvua haijawahi kuuheshimu. Jaza upepo tairi zote kwa kipimo chake, tangi liwe na mafuta nusu, dereva akae kwenye kiti. Sogeza gari karibu kabisa na ukuta, weka alama ya chaki usawa wa katikati ya kila taa. Kisha rudi nyuma mita tano. Washa taa za chini, sio ful.

Utaona mstari mkali unaotenganisha mwanga na giza. Mstari huo uwe chini ya alama yako kwa sentimita tano. Hesabu yake ni rahisi: kushuka sentimita moja kwa kila mita moja. Ukiwa na nafasi ya mita kumi, uwe sentimita kumi chini, na hapo vipimo vinatoka vizuri zaidi. Kama mstari uko juu ya alama, wewe ndiye yule anayepigiwa ful na kila basi kati ya Kikatiti na Usa River. Nyuma ya taa kuna skrubu ya kupandisha na kushusha, mara nyingine ya pili ya kushoto na kulia. Zungusha robo kwa robo, rudi nyuma uangalie, zungusha tena.

Angalia pia umbo. Kwa kuwa sisi na Japani tunaendesha kushoto, mstari ule unatakiwa kunyooka upande wa kulia na kupanda kidogo upande wa kushoto, ili umulike watembea kwa miguu bila kumchoma anayekuja. Gari lililotoka Ujerumani au Ufaransa linapandisha upande wa kulia, yaani machoni pa mwenzako. Kuzungusha skrubu hakutibu hilo. Taa zibadilishwe za upande wetu.

Magari mengi ya xenoni yanajilenga yenyewe: kuna kimkono kidogo cha plastiki kwenye mfumo wa springi za nyuma kinachoiambia taa kama gari limebeba mzigo. Barabara zetu zinakivunja. Taa zikiwa zimelala chini kabisa au zimetazama mbinguni na skrubu haisaidii, ingia chini ya gari utazame kimkono hicho kabla hujalaumu taa.

Usifunge xenoni kwenye nyumba ya haloji

Naulizwa kila wiki na wenye Noah na IST: "Fundi, nifungie kiti ya HID kwenye taa zangu hizihizi." Kiti hiyo ni seti ya globu na balasti zinazouzwa pamoja. Nakataa, na baadhi wanakwenda kwa jirani. Nyumba ya haloji imechongwa kufuata waya mmoja mwembamba mahali pamoja. Cheche ya xenoni ina umbo lingine na ipo pengine, kwa hiyo mwanga unatawanyika. Anayeendesha anaona kumeng'aa karibu na bampa, akadhani ameona mbali. Marekani mamlaka ya usalama barabarani imeshasema kwamba kiti hizo kwenye taa za haloji hazikidhi kanuni zao. Ukitaka xenoni, tafuta taa nzima ya kiwandani yenye jicho, na balasti zake.

Swali la wapandisha watalii

Mwaka jana waongoza watalii wawili ninaowahudumia magari waliniuliza, nikiwa chini ya Land Cruiser yao, kama hii xenoni ya taa ndiyo ile ya Everest. Ndiyo, gesi ni ileile. Mei 2025 Waingereza wanne waliivuta kliniki Ujerumani kabla ya safari, wakafika kilele cha Everest siku chache tu baada ya kuondoka London. Wazo ni kwamba xenoni inauchochea mwili kutengeneza homoni ya kuongeza chembe nyekundu za damu. Lakini haohao walikuwa wamelala wiki nyingi kwenye mahema ya hewa pungufu nyumbani, na mlimani walitumia oksijeni ya mitungi. Shirikisho la kimataifa la wapanda milima, UIAA, lilikuwa limeshatamka Januari ya mwaka huo kuwa hakuna ushahidi kwamba xenoni inasaidia mlimani, na ikitumiwa vibaya ni hatari. Michezoni ilipigwa marufuku tangu 2014.

Madaktari wanaijua tangu zamani: upasuaji wa kwanza wa kumlaza mgonjwa kwa xenoni ulifanyika 1951, na mgonjwa anaamka haraka kwa sababu gesi haikai kwenye damu. Hiyo ina maana kwamba ukiivuta nyingi inakulaza usingizi, na ikichukua nafasi ya oksijeni chumbani inaua kimya. Mgeni akifika lango la Marangu na kichupa, nilimwambia mmoja wao, mwambie mlima huu unapandwa polepole. Akacheka, "Hiyo tunawaambia kila asubuhi."

Matumizi mengine yako mbali na gereji yangu, nayataja kwa haraka. Taa za mweko za kamera za studio ni xenoni. Chombo cha anga cha Dawn kilichorushwa na Marekani mwaka 2007 kilibeba kilo 425 za xenoni kama mafuta: atomi zake zinapewa chaji ya umeme na kurushwa nyuma kwa kasi kubwa, msukumo ni mdogo lakini unaendelea miaka. Kilifika Vesta 2011, Ceres 2015.

Globu za zamani

Usizitupe kwenye pipa la Mbuyuni. Mimi naziweka kwenye kopo la biskuti, zimefungwa kwa karatasi moja moja, kopo limeandikwa ZEBAKI kwa rangi nyekundu ili dogo wa gereji asilifungue akitafuta skrubu. Za kijana wa Mark X zimo humo. Nilimwambia arudi baada ya wiki moja tuangalie tena mstari wa ukutani, kwa sababu skrubu iliyozungushwa baada ya miaka mingi hulegea kidogo kwenye makorongo. Amerudi jana. Kulia ilikuwa imeshuka sentimita mbili.